Faili la Vipimo vya Akili Katika Kesi ya Fidia: Ukurasa Upi, na kwa Nani?

Tuseme mama mmoja, mchuuzi wa mboga wa soko la Kongowea mjini Mombasa, amepanda tuktuk kuelekea Changamwe, na trela lililokuwa likitoka bandarini likaigonga tuktuk ile ubavuni. Mguu wake ulivunjika, ukafungwa plasta, na baada ya muda ukaunga. Miezi minane baadaye bado hawezi kusimama kando ya barabara kuu. Akisikia breki za lori hutetemeka, usiku usingizi humpaa, na hesabu za soko alizozoea kuzifanya kichwani sasa humpotea katikati. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Wakili wake amedai fidia ya mguu na fidia ya madhara ya akili, na kuunga mkono dai hilo la pili amewasilisha ripoti ya mwanasaikolojia. Haupiti muda mrefu kabla mwanasaikolojia huyo hajapokea barua ya mawakili wanaolipwa na kampuni ya bima ya trela, wakimtaka atoe "faili lote, pamoja na vipimo vyote na majibu yote."

Mfano huu ni wa kubuni. Utata uliomo katika maneno mawili ya barua hiyo, "faili lote," ni wa kweli, na ndio ninaotaka kuufumua hapa.

Faili la mwanasaikolojia lina tabaka. Juu kabisa ipo ripoti, ambayo huandikwa kwa ajili ya msomaji asiye mtaalamu: historia ya mtu, vipimo alivyofanyiwa, matokeo, na maoni ya mpimaji. Chini ya ripoti zipo alama, yaani nambari zilizopatikana baada ya majibu kusahihishwa. Chini ya alama yapo majibu yenyewe: karatasi ambayo mtu aliitia alama kwa mkono wake, mchoro aliouchora, maneno aliyoyatamka yakaandikwa kama yalivyotoka kinywani, na yale maandishi ya pembeni ambayo mpimaji hujiandikia, kwamba hapa alilia, hapa aliomba maji, hapa mtoto aliingia chumbani akamkatiza. Tabaka la chini kabisa halimhusu mchuuzi wetu hata kidogo. Ni vijitabu vya maswali, picha, na miongozo ya kusahihishia, ambavyo vimechapishwa na wenyewe na vitatumiwa kesho kumpima mtu mwingine. Na kando ya hayo yote, ikiwa mtu huyo pia alikuwa akipata ushauri nasaha, yatakuwepo maandishi ya vikao, ambayo si kipimo cha aina yoyote, ingawa mara nyingi huwekwa ndani ya jalada lile lile la kahawia.

Wakili anayeandika "faili lote" anaomba tabaka zote hizi kwa pumzi moja, na mwanasaikolojia anayejibu "faili ni siri" anazikataa zote kwa pumzi moja. Naona wote wawili wanakosea kosa lile lile, kwa kuwa kila tabaka lina mwenyewe, lina hatari yake, na lina sababu yake ya kutakiwa au kutotakiwa.

Tuanze na majibu ghafi, kwa sababu huko ndiko kwenye ugomvi mkubwa zaidi. Ni rahisi kudhani kwamba kampuni ya bima inayoyataka inatafuta tu aibu za watu. Wakati mwingine huenda ikawa hivyo. Lakini ipo sababu ya haki kabisa ya kuyataka: alama ni hesabu, na hesabu hukosewa. Chukua dodoso la PHQ-9, ambalo hutumiwa sana kupima dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Lina maswali 9, kila moja likijibiwa kwa alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hiyo jumla haiwezi kuzidi 27. Mpimaji akijumlisha vibaya, mtu mwenye dalili za wastani anaweza kuonekana mwenye dalili kali, na hakimu anayesoma ripoti peke yake hana namna ya kulijua hilo. Katika vipimo vikubwa nafasi ya kukosea ni pana zaidi. Toleo la MMPI, dodoso refu la kupima haiba na matatizo ya akili, lililotolewa Marekani mwaka 1989 lina kauli 567 ambazo mtu huzijibu kweli au si kweli, na ndani yake vimo vigezo vya kuangalia kama aliyejibu alikuwa makini, alijipamba, au alizidisha maumivu yake. Mtaalamu wa upande wa pili akinyimwa majibu, hawezi kusema lolote la maana kuhusu vigezo hivyo. Atabaki kuamini au kutoamini, na hilo si kazi ya mtaalamu.

Kwa hapa Pwani kuna sababu nyingine ambayo naiona nzito kuliko ya hesabu, nayo ni lugha. Vipimo vingi vilitungwa kwa Kiingereza, na alama zake hupata maana kwa kulinganishwa na kundi la watu waliopimwa zamani katika nchi nyingine. Kipimo cha akili cha Wechsler kwa watu wazima, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1955, kimewekwa ili wastani uwe 100. Mchuuzi wetu aliyeachia shule darasa la sita akipata 84, nambari hiyo haituambii chochote mpaka tujue aliulizwa kwa lugha gani, na nani, na analinganishwa na nani. Bima watasema hivyo ndivyo alivyokuwa siku zote. Wakili wake atasema ajali ndiyo iliyomshusha. Na ikiwa hakuna aliyempima kabla ya ajali, nambari yenyewe haiwezi kuwaamua.

Fikiria pia kipimo kilichofanywa kwa kutafsiriwa papo hapo, swali kwa swali, na muuguzi kijana aliyeitwa aje kusaidia. Anamuuliza mama mtu mzima kama wiki mbili zilizopita amekuwa na huzuni, na mama anamjibu, "Alhamdulillahi, mwanangu, twashukuru Mungu." Anayeifahamu Mombasa anajua kwamba hilo ni jibu la adabu na la imani, na kwamba mtu huweza kulitoa huku dunia imemwinamia. Kwenye karatasi linaandikwa sufuri. Kinyume chake nacho hutokea: mtu aliyelelewa katika mtaa ambao majini yanazungumzwa kama vile upepo wa kusi unavyozungumzwa anaweza kuulizwa kuhusu mambo yasiyoonekana, akajibu "ndiyo" kwa utulivu kabisa, na kipimo kikamhesabia dalili ya ugonjwa ambao hana. Makosa ya namna hii hayaonekani katika ripoti wala katika alama. Yanaonekana katika maneno yaliyoandikwa kama yalivyotamkwa, na ndiyo maana nasema majibu ghafi humlinda mdai mara nyingi kama yanavyomhatarisha.

Lakini yanamhatarisha kweli. Swali la tisa la PHQ-9 linahusu mawazo ya kujidhuru au kutamani kufa. Mtu akilijibu kwa ukweli, kisha akaeleza kwamba mwaka fulani alijaribu, maelezo hayo huandikwa. Hadi hivi karibuni, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai nchini Kenya chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Ni Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Faili nyingi zilizo kwenye kabati leo ziliandikwa kabla ya siku hiyo.

Tabaka la vijitabu vya maswali lina hoja tofauti kabisa. Hapa anayelindwa ni kipimo chenyewe. Vipo vipimo ambavyo kazi yake ni kubaini kama mtu anajifanya amesahau, na hufanya kazi kwa sababu tu anayepimwa hajui vinaangalia nini. Sitaeleza jinsi vinavyofanya kazi, na msomaji atanielewa. Wakili akipata kijitabu, akakisoma, akamwelekeza mteja wake ajaye, kipimo hicho kimekufa kwa mteja huyo na kwa mtu yeyote atakayesimuliwa. Hofu hii si ya kufikirika. Picha 10 za madoa ya wino alizozitoa Rorschach, daktari wa akili wa Uswisi, mwaka 1921 ili kupimia watu, zilizua mzozo mkubwa mwaka 2009 zilipowekwa zote kwenye Wikipedia: wanasaikolojia walilalamika kwamba chombo chao kimeharibiwa, na waliozichapisha walijibu kwamba haki miliki yake imekwisha muda. Wachapishaji wa vipimo vya sasa hushikilia kwamba maswali ni siri ya biashara, na huwataka wanasaikolojia wasivitoe ila kwa mtaalamu mwenzao, au kwa amri ya mahakama yenye masharti ya kuvilinda.

Shirika la wanasaikolojia wa Marekani lilijaribu kuliweka jambo hili wazi katika kanuni zake za maadili za mwaka 2002 kwa kutenganisha vitu viwili: data za kipimo, yaani alama na majibu ya mtu, ambazo mhusika akiidhinisha zinaweza kutolewa, na vifaa vya kipimo, yaani maswali na miongozo, ambavyo mwanasaikolojia anatakiwa kuvihifadhi. Mgawanyo huu ni mzuri, ila una tundu. Katika vipimo vingi swali na jibu vimo katika karatasi moja, na ukitoa jibu umetoa na swali.

Sasa sheria inasemaje kwetu? Wengi hushangaa wakiambiwa kwamba Sheria ya Ushahidi ya Kenya, inayomkinga wakili asilazimishwe kutoa mawasiliano yake na mteja, haina kifungu cha namna hiyo kwa daktari wala kwa mwanasaikolojia. Mwanasaikolojia akiitwa kizimbani na akaulizwa swali linalohusika na kesi, hana kinga ya kujifichia kwa kusema tu kwamba aliambiwa kwa siri. Alicho nacho ni wajibu wa kutunza siri, na wajibu huo una mipaka iliyoandikwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema taarifa za mgonjwa ni siri, na inataja njia za kuifungua siri hiyo: idhini ya maandishi ya mgonjwa mwenyewe, amri ya mahakama au matakwa ya sheria nyingine, na hatari kubwa kwa afya ya umma. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la data nyeti, lakini inaruhusu zishughulikiwe pale inapolazimu ili kudai haki au kujitetea kisheria. Sheria hiyo hiyo inataka data zinazotumiwa ziwe zinahusika na zisizidi kinachohitajika.

Juu ya sheria hizo imekaa Katiba ya mwaka 2010, na hapo ndipo napenda kusimama kidogo. Ibara ya 31 inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya taarifa za familia yake na mambo yake binafsi kutotakiwa wala kufichuliwa pasipo ulazima. Neno lililobeba mzigo wote ni hilo la mwisho. Katiba haikusema taarifa hizo zisitakiwe kamwe; imemwachia anayezitaka kazi ya kuonyesha ulazima wake. Ibara ya 50 kwa upande wake inampa kila mtu, na mwenye trela yumo, haki ya kusikilizwa kwa usawa. Hakimu aliyepelekewa ombi la "faili lote" kwa hakika ameulizwa swali moja: ukurasa huu mahsusi unalazimu nini katika dai hili mahsusi? Akiulizwa kuhusu faili zima kwa mkupuo hawezi kulijibu vizuri, kwa sababu jibu la ukurasa wa kwanza si jibu la ukurasa wa arobaini.

Marekani walipita njia nyingine. Mwaka 1996, katika kesi ya Jaffee dhidi ya Redmond, Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba mazungumzo ya mtu na mtoa tiba ya kisaikolojia yana kinga katika mahakama za shirikisho. Familia ya mtu aliyepigwa risasi na afisa wa polisi ilikuwa ikidai fidia na ilitaka maandishi ya vikao vya afisa huyo na mshauri wake, ikanyimwa. Lakini aliyelindwa pale alikuwa mdaiwa, ambaye hakuwa ameomba fidia kwa ajili ya akili yake. Mdai anayesema "akili yangu imeumia, nilipeni" yuko mahali pengine, na mahakama za chini za Marekani zimegawanyika kuhusu kiasi ambacho kinga yake imeondoka kwa kusema hivyo. Kuhusu vifaa vya kipimo, kesi inayotajwa mara nyingi ni ya mwaka 1979 kati ya kampuni ya umeme ya Detroit Edison na bodi ya shirikisho ya mahusiano ya kazi. Chama cha wafanyakazi kilitaka maswali ya mtihani wa kazi na karatasi za majibu. Kampuni ikakubali kumpa mwanasaikolojia ambaye chama kingemchagua. Na Mahakama ya Juu ikaona hilo linatosha. Hukumu hizo hazimfungi hakimu wa Mombasa, ila hakuna kinachomzuia kuazima njia iliyofaa.

Nirudi kwa mchuuzi wetu. Kwa kudai fidia ya akili amefungua mlango, na hilo hana namna ya kulikana. Swali ni upana wa mlango. Bima watataka kujua kama aliwahi kuwa na sonona kabla ya ajali, na swali hilo ni halali, kwa sababu mwenye trela halipi ugonjwa ambao hakuusababisha. Hata hivyo ipo kanuni ya zamani katika sheria za madhara kwamba aliyemuumiza mtu humchukua kama alivyomkuta: ikiwa mama huyu alikuwa na akili iliyokwisha kuchoka kwa msiba, na ajali ikaivunja, udhaifu wake wa awali haumfutii haki yake. Kumbukumbu za miaka michache kabla ya ajali zinaweza basi kuhusika. Maandishi ya vikao alivyohudhuria na mumewe miaka kumi na tano iliyopita kuhusu mambo ya ndoa, kwa maoni yangu, yako nje ya mlango, isipokuwa mtu aonyeshe uzi unaoyaunganisha na ajali. Wakili wa mdai naye ana jukumu ambalo halitajwi sana: kama dai la akili ni mistari miwili iliyoongezwa kwenye hati ya madai kwa mazoea, ni vyema amweleze mteja mapema kile ambacho mistari hiyo inaweza kukifungua.

Aliyetengeneza faili naye huathiri mambo. Mtaalamu aliyeajiriwa na wakili wa mdai kwa ajili ya kesi hufanya kazi chini ya kivuli cha siri ya wakili, na ripoti yake ikiachwa kabatini upande wa pili kwa kawaida hauwezi kuitaka. Siku inapowasilishwa mahakamani kivuli kinaondoka, na misingi ya maoni yake inakuwa halali kuulizwa. Kwa kuwa Kanuni za Mashauri ya Madai za mwaka 2010 zinamtaka mdai aambatishe hati zake na taarifa za mashahidi tangu anapofungua kesi, siku hiyo huja mapema. Mtaalamu anayelipwa na bima ana wajibu wa kumweleza mama tangu mwanzo, kwa lugha anayoielewa, kwamba hakuja kumtibu na kwamba atakayoyasema yataandikwa na kupelekwa. Mtoa tiba wa kawaida, ambaye mama alimwendea ili apone, ndiye mwenye faili nyeti kuliko wote, na kwa bahati mbaya ndiye asiyezoea mambo ya mahakama.

Kwake yeye tofauti kubwa zaidi ni ile ya barua na amri. Barua ya wakili, hata ikiwa na muhuri mwekundu na siku saba za kujibu, ni ombi. Hailazimishi, na kuitii bila idhini ya maandishi ya mgonjwa ni kuvunja sheria. Fomu ya idhini iliyosainiwa nayo isomwe: mtu anayeruhusu "taarifa zangu zote za afya kwa yeyote anayehusika" mara nyingi hajui alichokiruhusu, na mwanasaikolojia mwangalifu atampigia simu kabla ya kutoa chochote. Samansi ya mahakama ni jambo jingine, haipuuzwi. Lakini kuleta hati mahakamani kwa kuitwa si sawa na kumkabidhi wakili wa upande wa pili kwenye baraza. Mwanasaikolojia anaweza kufika na bahasha iliyofungwa, akamweleza hakimu kilichomo, kisichohusiana na dai, na kinachoweza kuharibika kikitolewa, kisha akaomba maelekezo.

Maelekezo hayo yanaweza kuwa ya namna nyingi, na hapa ndipo tabaka zinapoleta faida. Ripoti na alama hupewa pande zote. Majibu ghafi yanaweza kukabidhiwa mwanasaikolojia aliyesajiliwa wa upande wa pili, ayapitie na kutoa maoni yake bila kuyasambaza. Vijitabu vya maswali vinaweza kuonyeshwa bila kunakiliwa na kurudishwa siku hiyo hiyo. Kurasa za mambo ya kifamilia zinaweza kusomwa kwanza na hakimu peke yake, na zisizohusika zikafunikwa. Sehemu ya ushahidi inaweza kusikilizwa bila watu wa nje.

Hili la mwisho lisichukuliwe kijuujuu. Hukumu za mahakama zetu za juu huchapishwa kwenye mtandao wa Kenya Law, mara nyingi zikiwa na majina kamili ya wahusika, na kesi ya fidia huweza kufika huko kwa njia ya rufaa. Mtu yeyote Kongowea mwenye simu anaweza kusoma kwamba jirani yake alipimwa akili, na alipata alama ngapi. Mawakili huomba fidia kwa bidii na husahau kuomba jina lifichwe, ombi ambalo ni la aya moja tu na lafaa kupelekwa kabla ya ushahidi kuanza, kwa sababu baada ya hukumu kusambaa maji yamekwisha kumwagika.

Kisha kesi huisha, na nakala hubaki: moja kwa wakili wa bima, moja kwa mtaalamu wao, moja kwenye seva ya kampuni, pengine moja katika simu ya karani aliyeipiga picha ili aitume haraka. Sheria ya Ulinzi wa Data inataka data isihifadhiwe kupita muda unaohitajika, na malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo inaweza kutoza faini ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka ya kampuni, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo. Muda wa kukata rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu ni siku 30. Zikipita bila rufaa na fidia ikiwa imelipwa, wakili wa mchuuzi wetu anaweza kuandika barua ya mwisho katika jalada lake, akidai majibu ghafi yarudishwe kwa mwanasaikolojia aliyeyatoa na nakala zilizobaki ziharibiwe, na aombe uthibitisho wa maandishi kwamba jambo hilo limefanyika.